Randa Iliyotoka Kwenye Tendegu la Kitanda

Akina mama wenzetu, katika kurasa kama hizi tumezoea kusoma habari za mapishi, malezi na afya za watoto wetu. Safari hii tunawaomba mtuvumilie, kwa maana tunataka kuzungumza juu ya randa. Ndiyo, randa ya seremala. Hata sisi hatukudhani kwamba iko siku tutakaa chini ya mwembe, wanawake watatu tuliojifunga kanga viunoni, tukibishana kama kisu cha randa kilale kwa digrii 38 au 45.

Kilichotufikisha hapo ni msiba.

Mama mmoja wa mtaa wetu hapa Tabora alifiwa na mumewe, ambaye alikuwa seremala mwenye karakana ndogo ya mabati nyuma ya nyumba. Mara baada ya kuanua tanga, ndugu za marehemu walikaa kikao. Jioni ile ile walichukua randa mbili za chuma, misumeno, keekee na jiriwa zote. Walieleza kwamba vifaa vya mwanamume hurudi kwa wanaume. Mjane aliachiwa watoto wanne, mkubwa wao kijana wa miaka 17, pamoja na deni.

Deni lenyewe lilikuwa hivi. Marehemu alikuwa amepokea malipo ya awali kutoka shule moja ya awali, ili atengeneze vigoda 16 na meza 4 za watoto. Fedha hizo ziliishia katika dawa na katika mazishi. Sasa shule ilitaka moja kati ya mambo mawili: vigoda au fedha zake, nayo ilitoa wiki sita.

Sisi wa kikundi cha kutembelea wagonjwa na wafiwa tulikwenda na vile tulivyozoea kubeba, yaani unga, sukari na sabuni, tukaomba pamoja na wafiwa. Tuseme ukweli, tulidhani tumemaliza kazi yetu. Tulipokuwa tunaaga, yule kijana alitoka nje na vigoda viwili mkononi. Alikuwa amevitengeneza kwa msumeno na randa ya kuazima kwa jirani, na shule ilikuwa imevirudisha. Alivitua sakafuni. Kimoja kilicheza kama meno ya mtoto wa miaka sita, na kingine kilikuwa na ufa kati ya kikalio na mguu, ufa ambao sarafu ya shilingi mia ingeweza kupita. Pembeni mwa kikalio mbao ilikuwa imechanika vibanzi, na mmoja wetu alipopitisha kiganja juu yake alichomwa hapo hapo.

"Baba alikuwa na randa yake ya kusawazisha vichwa vya mbao," kijana alisema. "Hiyo wameichukua Baba Mdogo."

Mama yake aligeuka akatazama ukuta.

KICHWA CHA MBAO KINA TABIA YAKE

Yuko mzee mmoja mtaani kwetu ambaye watoto wote humwita Babu Fundi. Macho yake yamepungua nguvu na mikono inatetemeka kidogo, lakini kichwani ufundi wote umo. Tulimfuata kesho yake. Tulikwenda kumwomba atuazimie randa, naye hakuwa nayo, kwa sababu alikwisha kuuza vifaa vyake vyote. Alitusikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja: "Hao waliochukua vitu, wameacha nini?"

Kijana alikwenda akarudi na kitu kimefungwa kwenye gunia. Ilikuwa randa ya mbao ya zamani sana, ambayo mwili wake wote ulikuwa umeliwa na mchwa ukabaki kama mkate uliotobolewa na panya. Ndani yake kulikuwa na kisu kizito, kimejaa kutu. Mashemeji walikiona takataka, wakakiacha.

Babu Fundi alikipima kwa vidole. Kilikuwa na upana wa sentimita 5 na unene wa karibu milimita 4. Alitabasamu. "Mama zangu," alisema, "wamechukua miili, wameacha roho."

Kisha alitueleza ni kwa nini kijana alishindwa, maelezo ambayo tungependa kila mama mwenye mtoto anayejifunza useremala ayasikie. Mti umeundwa kwa nyuzi ndefu zilizolala pamoja kuelekea juu, mfano wa fagio la chelewa lililofungwa barabara. Ukipiga randa ubavuni mwa mbao unapita juu ya nyuzi hizo, na maranda yanatoka marefu yakijisokota. Lakini kichwani mwa mbao, pale msumeno ulipokata, unakutana na ncha zote za chelewa zikikutazama. Kisu kikiwa kibutu, au kikiinuka mno, hakikati. Kinazisukuma ncha, zinainama, halafu zinang'oka. Mbao laini kama paini, ambayo ndiyo kijana aliyopewa kwa vigoda, inasumbua zaidi, kwa maana nyuzi zake hazina nguvu ya kusimama zikisubiri kukatwa. Ni kama kukata nyanya iliyoiva kwa kisu cha kupakia siagi.

Kigoda kile cha watoto kina mbao mbili za kusimama, moja ya kukalia na moja ya kuzishikanisha katikati. Mbao nne zina vichwa vinane. Vigoda 16 vina vichwa 128, nawe hujahesabu meza. Kichwa kimoja kikienda upande, kigoda kizima kinacheza.

Randa ya kawaida kisu chake hulala kwa digrii 45. Kwa kazi ya vichwa tu, Babu Fundi alitaka kisu kilale chini zaidi, digrii 38. Mzee alidhani akina mama watachoka na hesabu hizo, lakini mmoja wetu ni muuguzi, na wauguzi wanaijua sana habari ya pembe. Chanjo ya BCG ya mtoto mchanga huingizwa sindano ikiwa karibu imelala juu ya ngozi, digrii 10 hadi 15. Ya surua huingia kwa digrii 45. Ya pepopunda husimama wima kabisa, digrii 90, hadi kwenye msuli. Sindano hizo hazipishani sana, ila ukikosea pembe dawa haifiki inakotakiwa. Tulipomwambia hivyo Babu Fundi alicheka mpaka akakohoa.

Mtu atauliza, kama kulala chini ni kuzuri, kwa nini tusikilaze zaidi, hata digrii 20? Tuliuliza hivyo hivyo. Ni kwamba katika randa ya mbao sehemu inayobeba kisu inakuwa nyembamba kadiri unavyokilaza, na ile ncha yake karibu na mdomo huvunjika. Tena kisu hiki kimenolewa upande mmoja, na mteremko wake hutazama chini. Ukinoa mteremko wa digrii 25 na kukilaza kwa 38, zinabaki digrii 13 za nafasi nyuma ya makali, basi kisu kinapumua. Bila nafasi hiyo makali yanapanda juu ya mbao na kuteleza. Zipo randa za chuma za kiwandani ambazo kisu hulala kwa digrii 12 tu, lakini humo mteremko hutazama juu, hivyo 12 na 25 zinaleta 37. Kwa ile mbao inayokatwa, mambo ni karibu yale yale.

TENDEGU

Sasa mbao ya mwili. Huko Ulaya mafundi wa randa walipendelea mti unaoitwa bichi. Sisi wa Tabora Mungu ametupa mninga, ambao ukishakauka vizuri hauchezi sana na mvua wala kiangazi, na hiyo ndiyo sifa ya kwanza inayotakiwa. Randa inayojikunja haina kazi. Lakini mninga mkavu wa kununua una bei, na mbichi haufai. Tulitafuta wiki nzima.

Hatimaye mwenzetu mmoja alikumbuka kitanda cha mama mkwe wake kilichovunjika na kuwekwa stoo zaidi ya miaka 20. Tendegu lake lilikuwa la mninga, mraba, sentimita 8 kwa 8. Mumewe aliuliza tendegu linakwenda wapi. Alijibiwa, "Linakwenda kufanya kazi." Hakuuliza tena.

Zamani mwili wa randa ulichongwa kwa gogo moja, tundu lote likichimbwa kwa patasi. Hiyo ni kazi ya fundi aliyebobea. Babu Fundi alituchagulia njia nyepesi zaidi, ambayo ilipata sifa katika karne iliyopita kwa seremala James Krenov. Huyu alizaliwa Siberia mwaka 1920, akajifunza Sweden, na baadaye akafundisha Marekani hadi uzee wake. Njia yake ni kupasua gogo vipande, kukata ndani unachotaka, kisha kulirudisha kwa gundi kama lilivyokuwa.

Tuliandika kila hatua katika daftari, kama tunavyoandika hali ya mgonjwa wodini. Tunazitoa hapa kwa ajili ya yule mwenye kijana, au mwenye mume aliye tayari kusikia.

Tulikata kipande cha sentimita 34, ingawa randa yenyewe ingekuwa 28, kwa sababu ncha zingehitajika baadaye. Kijana alichora pembetatu kubwa ya penseli juu ya kipande kizima, ili vipande vikishatengana vijulikane vinavyokaa. Upande uliokuwa karibu na gome la mti uliwekwa chini. Kisha alipasua mashavu mawili, kulia na kushoto, kila moja milimita 10, na katikati akabakiza milimita 52, yaani upana wa kisu na milimita 2 za nafasi. Kimo alikishusha hadi sentimita 6. Kilichobaki hakikutupwa, kwani ndicho kilichozaa kabari.

Kipande cha katikati kilikatwa mara mbili. Nyuma kilikatwa kwa ule mlalo wa digrii 38 ambao kisu kingelala juu yake. Hatukuwa na kifaa cha kupimia pembe, na Babu Fundi hakukihitaji. Kutoka chini alipima milimita 77 kwenda nyuma na milimita 60 kwenda juu, akaunganisha alama mbili kwa rula. Mwenye kuijua hesabu ya pembe ataona kwamba inakuja digrii 38 sawasawa. Mbele kilikatwa kwa kusimama zaidi, kikiegemea mbele kidogo ili maranda yapate njia ya kutoka. Mdomo wa randa ukawa karibu sentimita 10 kutoka mbele.

Hapa ndipo tuliposhinda siku mbili nzima, na hapa ndipo msomaji asiharakishe. Mlalo wa kisu lazima uwe tambarare kabisa. Kisu kikikaa juu ya kinundu hata kidogo kinatetemeka kikiwa kazini, na kichwa cha mbao kinatoka na mawimbi. Namna ya kuvitafuta vinundu ni kupaka mgongo wa kisu rangi nyembamba, kukibandika kwenye mlalo na kukiondoa. Palipochukua rangi ndipo palipoinuka, unapakwangua kwa patasi, unapaka tena. Sisi tulitoa jivii, ile dawa ya zambarau ya vidonda vya mdomoni, tukiona tumepata suluhisho la kitaalamu. Babu Fundi alikataa. Jivii inazama katika mbao na haitoki, kwa hiyo mara ya pili usingejua doa la sasa na la jana. Alitaka masizi ya koroboi yaliyochanganywa na tone la mafuta ya kula. Kijana alipaka na kukwangua, akapaka na kukwangua. Hatukuhesabu ni mara ngapi.

Siku ya pili jioni kisu kilimteleza, kikamkata kidole gumba.

Tunasimama hapa kidogo, maana mama yake alikuwa tayari ameshika chupa ya mafuta ya taa. Mama mwenzetu, mafuta ya taa si dawa ya kidonda, wala majivu, wala kinyesi cha ng'ombe. Kidonda huoshwa kwa maji safi yanayotiririka na sabuni, kisha hukandamizwa kwa kitambaa safi dakika kumi bila kufunua funua kuangalia. Na kama aliyekatwa hana kumbukumbu ya chanjo ya pepopunda, apelekwe zahanati siku hiyo hiyo, hasa kama chuma kilikuwa na kutu na udongo. Kijana wetu alipelekwa. Aliporudi alisema sindano ilisimama wima, digrii 90, kama tulivyomwambia.

Na jambo jingine ambalo mafundi wetu hawapendi kulisikia. Vumbi la mninga huwasha pua na kifua, na wengine huwaletea pumu. Vumbi la mbao kwa jumla, mtu akilivuta miaka mingi, husababisha saratani ya pua. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilikwisha kuliweka katika orodha ya visababishi vya hakika tangu mwaka 1995. Kazi ya msasa ifanyike nje, upepo ukiwa mgongoni, na kitambaa puani. Mtoto mchanga asilazwe karakanani, hata kama ndipo penye kivuli.

GUNDI NA MPIRA WA BAISKELI

Kabla ya gundi mashavu yote mawili yalifungwa pamoja, yakatobolewa kwa mara moja tundu la milimita 12, kama sentimita 3 na nusu juu ya uso wa chini. Humo hupita kijiti cha kukingama, ambacho kabari hujibana chini yake. Kijiti hiki hubeba nguvu zote, basi kisiwe cha mti wowote tu. Cha kwetu kilitoka kwenye fimbo ya mpingo iliyovunjika. Mpingo ndio ule mti mzito unaotengenezewa zumari za Ulaya, nao haukubali kuvunjika kirahisi. Upande mmoja wa kijiti ulisawazishwa kuwa bapa ili ushike kabari vizuri, na kati ya ubapa huo na mlalo ilibaki nafasi ya milimita 11: nne za kisu, saba za kabari.

Jiriwa hatukuwa nazo, zilikwenda na mashemeji. Tulikata mpira wa ndani wa baiskeli ukawa utepe mrefu. Vipande vilipangwa kwa kufuata ile pembetatu ya penseli. Kijiti cha mpingo kilipitishwa mahali pake bila gundi, na misumari midogo ikapigwa kwenye zile ncha za ziada, ili vipande visiteleze gundi ikiwa mbichi. Ilipakwa gundi nyeupe ya mbao, tukauzungusha mpira tukiuvuta kwa nguvu zote, mmoja akishika na wawili wakivuta. Mpira wa baiskeli ukivutwa hivyo unabana kuliko mtu anavyodhani. Uliachwa usiku kucha. Asubuhi ncha zilikatwa pamoja na misumari yake, na randa ikabaki sentimita 28.

Kisu nacho kilikuwa kimelala katika siki siku mbili kutoa kutu, kikasuguliwa. Kukinoa kuna mambo mawili. La kwanza ni mgongo wake, ambao lazima uwe tambarare na ung'ae karibu na makali, nao ndio watu wengi huusahau. La pili ni ule mteremko wa digrii 25. Kwa chuma cha unene wa milimita 4, mteremko ukifikia urefu wa milimita 9 na nusu, hapo umefika. Tulianza na kinoo kikali, tukamaliza na laini, kisha makali yakapitishwa kwenye mkanda wa ngozi. Mafundi hupima makali kwa kunyoa malaika za mkono. Muuguzi wetu alikataza jambo hilo mbele yake. Palitumika kichwa cha kipande cha paini: kisu kikisukumwa kwa mkono kinyoe safi pasipo kuacha unga.

Mwisho ni uso wa chini. Kisu na kabari vikiwa mahali pake vimebanwa, lakini makali yamerudishwa ndani, randa ilisuguliwa juu ya msasa uliobandikwa kwenye kioo cha dirisha. Kabari ni lazima iwe imebanwa wakati huo, kwani kubana kwenyewe kunaupinda mwili kidogo, na unataka unyooke katika hali ile utakayofanyia kazi. Ubavu mmoja pia ulisawazishwa hadi ukakubaliana na guni, kile kipimio cha pembe mraba. Tutaona sababu yake. Mdomo ulikuwa bado mdogo mno, basi ulipanuliwa kwa tupa taratibu hadi randa jembamba lilipopata kupita. Kisha ikapakwa nta ya nyuki, kitu ambacho Tabora hakijawahi kutupungukia.

Haikuwa nzuri ya kuonyesha wageni. Shavu moja lina rangi nyekundu kuliko jingine, na mahali fulani palibaki alama ya tundu la msumari wa kitanda. Lakini ilishikika vizuri mkononi.

Baadaye tulikuja kusoma kwamba zana hii ni ya zamani kuliko tulivyofikiri. Randa zimefukuliwa Pompei, mji wa Warumi uliofunikwa na volkano mwaka 79. Mwingereza Joseph Moxon, ambaye vijitabu vyake vya ufundi vilianza kutoka mwaka 1678, aliieleza randa fupi ya mbao ya kazi hii hii ya vichwa. Na neno lenyewe, randa, lilitufikia kutoka Uajemi. Haya yote Babu Fundi hakuyajua, wala hayakumzuia.

VICHWA 128

Randa hii haisukumwi kama nyingine. Inalazwa ubavu. Unatengeneza ubao wenye ngazi moja: juu unalaza mbao unayotaka kuisawazisha, chini yake randa inapita kwa ubavu wake, na mbele kuna kizuizi kilichokaa pembe mraba kamili. Mbao huegemezwa kwenye kizuizi, kichwa chake kikichungulia nje unene wa ukucha, na randa husukumwa kwa mkono mmoja. Kwa kuwa ubavu wa randa ni mraba na kizuizi ni mraba, kichwa hakina namna ila kutoka mraba. Hiyo ndiyo sababu ya kuhangaika na ule ubavu.

Kisu hurekebishwa kwa nyundo ndogo. Ukigonga nyuma ya kisu kinashuka. Ukigonga kisigino cha randa kinarudi. Kugonga kwenyewe ni kama kugonga yai lisipasuke. Kizuizi kikae karibu kabisa na njia ya randa, kwani ndicho kinachoshika nyuzi za mwisho zisichanike wakati kisu kinatoka. Na mbao ikikaidi, unapitisha pamba yenye spiriti kidogo kichwani mwake. Nyuzi zinalainika, kisu kinapita, na spiriti inakauka haraka bila kuivimbisha mbao kama maji yangefanya. Pamba na spiriti tulivileta sisi, safari hiyo Babu Fundi akatukubalia.

Randa la kwanza lilitoka kama ngozi ya kitunguu. Kijana alilishika juu ya mwanga, akatuonyesha matundu madogo madogo ya nyuzi zilizokatwa safi. Mama yake alilichukua, akalikunja, akalitia katika pindo la kanga pale anapoweka fedha.

Hatutaki kuwadanganya kwamba mambo yote yalikwenda vizuri. Ilimbidi kijana anoe kisu kila baada ya vigoda viwili, na kabari ya kwanza ilipasuka kwa kugongwa mno. Muda wa shule ulipokwisha vigoda 11 tu vilikuwa tayari, meza hata moja haijaanza. Tulikwenda kuiomba shule, mjane akiwa mbele na vigoda viwili kichwani. Mwalimu alivikalia mwenyewe kimoja baada ya kingine, akajitikisa. Alitoa wiki nne zaidi, na safari hiyo meza zilimalizika.

Vifaa vya marehemu havijarudi mpaka tunapoandika haya. Tulimsindikiza mjane kwa mtendaji wa kata na baadaye mahakama ya mwanzo, na shauri linaendelea, nasi hatutalizungumza zaidi hapa. Ila tunapenda kumuuliza kila msomaji: mumeo ameandika wosia? Siyo wa nyumba na shamba peke yake. Je, imeandikwa mahali, na kushuhudiwa, kwamba cherehani ni yako, baiskeli ni ya nani, na vifaa vya kazi abaki navyo nani? Sisi wenyewe tulipoulizana hivyo, kati ya wanawake tisa wa kikundi, aliyekuwa nao ni mmoja.

Mwezi uliopita Baba Mdogo alifika karakanani na mlango begani. Kichwa cha chini kilikuwa kimekwenda upande na kuchanika. Ile randa ya chuma anayo, alisema, lakini tangu aichukue haijakata vizuri, na hajui kuinoa. Aliitazama ile ya mninga juu ya meza, akaigeuza, akauliza imenunuliwa wapi.

Mlango haukuweza kulazwa kwenye ubao wa ngazi, hivyo kijana aliusimamisha, akafunga kipande cha mbao pembeni kuzuia nyuzi zisichanike, akapiga randa kutoka huku na huku hadi ikakutana katikati. Kazi ilichukua muda wa kuchemsha chai. Baba Mdogo alishukuru, akaunyanyua mlango wake.

"Shemeji," mjane aliita kutoka jikoni, "hujamlipa fundi."

Alilipa.